Kipa Aliyepewa Duka

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, maana nina watoto wanaosoma shule za serikali na mke anayependa amani. Nchi nzuri, msinielewe vibaya. Ina mlima, ina ziwa, ina Wizara ya Picha na Kuonekana, na mimi mwenyewe nilikuwa humo Wizarani, Afisa Lafudhi Daraja la Pili. Wapo wanaosema cheo hicho hakina kazi. Wana wivu tu.

Siku moja Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Lumambo Kasukumi, alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa amenuna. Kisa chenyewe ni kwamba kwenye karamu huko, mama mmoja mwenye lulu shingoni, wa shirika linalotoa misaada, alimuuliza habari za filamu zetu. Akataka kujua kama Wahindi wetu nao wamo. Kwao siku hizi watu wenye asili ya Asia wanaonekana kwenye filamu, wanapewa tuzo, na kila anayetazama anatoka pale anajiona mtu mwema. Mheshimiwa akajibu kwamba wamo, tena wamejaa tele. Sasa amerudi, anataka kuwaona.

Tukapekua filamu zote za taifa. Loo! Kweli Wahindi walikuwamo, lakini kwa vipande. Katika filamu moja palikuwa na mkono unaotoa chenji katikati ya nondo za dirisha. Katika nyingine palikuwa na tumbo. Katika ya tatu palikuwa na sauti inayomfokea mtumishi nyuma ya pazia. Tulipounganisha vipande vyote tulipata Mhindi mmoja asiye na kichwa. Mheshimiwa alisikitika sana. Alitangaza kwamba serikali yake haiwezi kuvumilia raia kuonekana nusunusu, na kwamba kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha Wahindi wote wawe wameonekana. Asiyetaka kuonekana kwa hiari aonyeshwe.

Bahati nzuri Wizara ilikuwa imeanza kutengeneza filamu kubwa kuliko zote, iitwayo Mikono ya Taifa. Kisa chake kila mtoto wa nchi ile anakijua. Mwaka wa pili wa Uhuru, timu yetu ilicheza na timu ya waliokuwa watawala wetu. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Mpira unakaribia kwisha wakapewa penalti, na kipa wetu akaidaka. Sisemi aliupangua, nasema aliudaka, akaukumbatia kifuani. Watu wazima walilia siku ile. Tangu hapo picha ya mikono yake imo kwenye stempu, kwenye noti, na kwenye nembo ya jeshi la magereza.

Sasa, kipa mwenyewe alikuwa Mhindi. Nalisema hili kwa sauti ya chini, na nawaomba mlisome hivyohivyo.

*

Jina lake Badrudin Jiwa. Enzi zake mashabiki walimwita Badru Gundi, kwa kuwa mpira ukishafika mikononi mwake haubanduki. Baada ya mpira alirudi kwenye kazi ya baba yake, kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, akienda nyumba kwa nyumba na begi lake la bisibisi. Duka hajapata kuwa nalo, hata la njugu. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya soko, akalelewa na mtaa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu, bwana, ukimsikiliza umefumba macho utadhani unaongea na imamu aliyekulia kijiweni.

Alikuwa na mjukuu wake, Inaya, darasa la tatu, aliyeachiwa na wazazi waliokwenda ughaibuni kutafuta maisha. Huyu mtoto ndiye chanzo cha yote. Shuleni waliambiwa waandike insha kuhusu shujaa wa taifa. Wenzake wakaandika Rais, kama watoto wenye akili. Inaya akaandika kwamba babu yake ndiye aliyedaka ile penalti.

Mwalimu wake, Mwalimu Tumsifu, mwanamke mwema sana mwenye fimbo ya mpera, alimsimamisha mbele ya darasa akamweleza kwa upole kwamba Wahindi hawachezi mpira, Wahindi wanauza mpira. Kisha akamtaka awaombe radhi mashujaa wote waliokufa kwa kuwasingizia. Mtoto akaomba radhi. Wenzake wakampa jina la Muongo, na jina likamkaa kweli, hata mlinzi wa getini akawa anamwita hivyo bila kujua sababu.

Akarudi nyumbani, akaweka begi chini, akamwuliza babu yake, ambaye kwao humwita Bapa:

"Bapa, nimesema uongo?"

Mzee alimwambia hakusema uongo. Lakini maneno ya babu yana uzito gani mbele ya mwalimu? Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayesema sindano haiumi. Hilo lilimchoma mzee kuliko yote aliyowahi kufanyiwa, naye amefanyiwa mengi. Hakutaka nishani wala pensheni ya mashujaa. Alitaka yule mtoto asiitwe muongo kwa ajili yake, basi.

*

Aliposikia habari za filamu, alipiga pasi shati lake jeupe akaja Wizarani. Alikuja na mwenzake, Mzee Kibwana Shomvi, yule aliyefunga lile bao letu moja. Mimi ndiye niliyewapokea. Ombi lao lilikuwa dogo mno hata likatutia wasiwasi: katika filamu, kipa aitwe kwa jina lake.

Mheshimiwa aliitisha kikao. Ikaletwa ile picha maarufu, ambayo ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Tukaitazama kwa makini. Kipa yuko hewani, mpira umeziba uso wake wote, na mikono imo ndani ya glovu. Mheshimiwa akavua miwani, akavaa miwani, akatoa uamuzi ambao mpaka leo unafundishwa katika chuo cha utumishi.

"Uso hauonekani, na mikono imo ndani ya glovu," alisema. "Mikono iliyomo ndani ya glovu ni ya wananchi wote. Mwananchi mmoja akija kudai ni yake, huo ni ubinafsi, na ubinafsi tuliukataa tangu Uhuru."

Tukapiga makofi. Mzee Kibwana akanyanyua mkono, akasema yeye alikuwapo uwanjani, hatua chache tu kutoka golini, na aliyedaka ni huyu Badru aliyekaa hapa. Mheshimiwa akamuuliza kwa huruma kama kumbukumbu yake ina afya. Mzee akajibu ina afya njema. Hapo Mheshimiwa akaona hali ni mbaya, maana mgonjwa asiyejijua ndiye mgonjwa hasa, akaagiza apelekwe hospitali akatibiwe kumbukumbu kwa gharama za serikali. Alitibiwa vizuri sana. Alipotoka hakukumbuka hata bao lake mwenyewe, na sasa anaishi kwa utulivu mkubwa.

Ama kipa, nafasi yake akapewa mpwa wa Mheshimiwa, kijana mtanashati ambaye kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba aliogopa mpira. Ikabidi mpira ufungwe uzi.

*

Lakini msidhani Badrudin aliachwa mikono mitupu. Mwongozaji wa filamu, Bwana Pius Mshindo, mtu anayevaa miwani ya jua hata akiwa chooni, alimtazama mzee akaruka kwa furaha. Akasema uso huu ndio aliokuwa akiutafuta, uso wa Mhindi halisi. Kulikuwa na sehemu iliyoandikwa upya kwa amri ya Wizara: kabla ya mechi, timu yetu haina mpira wa kufanyia mazoezi, wanakwenda kwa Mhindi wa duka, na Mhindi anawakatalia. Wananchi wanachanga, wananunua, wanashinda. Mhindi anaonekana kwa dakika sita nzima, tena mwili mzima na kichwa juu.

Mzee akakataa palepale. Akachukua begi lake akaenda zake.

Bwana Mshindo akapeleka maneno kwa jumuiya yao, na Mwenyekiti wao, Bwana Kassamali, akaitisha mkutano. Nilikwenda kama mwakilishi wa serikali, nikala sambusa zao, nikasikiliza. Jamani, nilidhani Wahindi ni watu wa kauli moja! Vijana walisema bora kutoonekana kabisa kuliko kuonekana hivyo. Mmoja akasema huko nje watu wa asili yao wanacheza majasusi na madaktari na hata wapenzi wanaopigwa busu, sasa wao ndio kwanza wanapandishwa cheo kutoka mkono mpaka duka. Mwingine akamjibu kwamba hata hao majasusi wa huko si wenzao, maana wao wamezaliwa hapa nyuma ya soko, na jasusi yule hajui ugali. Bibi mmoja akasimama akasema maisha yake yote anatazama filamu za nchi yake akitafuta uso unaofanana na wake, na kwamba amechoka, aonyeshwe uso wowote, hata wa mwizi, kabla hajafa. Akakaa akalia. Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi niliacha kutafuna.

Bwana Kassamali ndiye aliyemaliza. Alimwambia Badrudin kwamba mwenye nguvu mpishe, na kwamba mlango umefunguliwa kidogo, wapenye kwanza, kulalamika watalalamikia ndani.

"Tena ukikataa," akaongeza, "watampa Mgoa nafasi yetu."

Mzee bado alikuwa anatikisa kichwa. Ndipo Bwana Mshindo alipotoa hoja yake ya mwisho. Alimwambia kila aliyecheza, jina lake litaandikwa mwisho wa filamu, kwa herufi kubwa, kwenye filamu ya mechi ileile. Mzee akauliza kama ni jina lake kamili, na la baba yake. Akaambiwa kamili. Nikamwona anapiga hesabu kichwani: mtoto akilisoma jina lile kwenye pazia kubwa la sinema, darasa zima likilisoma, nani atasema tena hakuwapo? Akakubali.

*

Sasa ndio ikaja kazi yangu, na naomba nijisifu kidogo, maana hakuna atakayenisifia. Siku ya kwanza ya mazoezi mzee alifungua kinywa akasema, "Mpira ninao vijana wangu, ila nanyi mna fedha?" Bwana Mshindo akatupa bereti yake chini. Akauliza huyu ni Mhindi gani? Nikaitwa mimi.

Mimi lafudhi ya Kihindi nilijifunzia baa. Tangu ujana nikiiga Mhindi wa duka watu wananinunulia bia, na Wizara iliponiajiri ilizingatia uzoefu huo. Nikamketisha mzee nikamfundisha tangu mwanzo. Nikamwambia hapa hakuna nina wala una, hakuna yupo, upo, lipo, mambo yote hayo ni mzigo. Kuna neno moja tu, nalo ni iko. Mimi iko. Veve iko. Mpira iko. Ukilishika iko umemaliza sarufi.

Akaniuliza nani anasema hivyo. Nikamjibu, Wahindi. Akaniuliza, Mhindi yupi? Nikamwambia yule wa kwenye filamu.

Akasema jambo ambalo sikulielewa maana yake. Alisema bibi yake mzaa baba ndiye aliyesema hivyo. Aliletwa kuolewa akiwa binti mdogo, hakwenda shule, akajifunza Kiswahili kwa kusikiliza tu dirishani. Wao wajukuu, waliozaliwa hapa, walikuwa wakimcheka mpaka anawafungia mlango.

"Alikuwa anajua lugha nne," akasema, "na sisi tulisikia hiyo moja tu aliyoikosea."

Nikamwambia basi vizuri, sema kama bibi. Akasema. "Mpira iko. Veve pesa iko?" Wallahi, nywele zilinisisimka. Sauti, mkono, shingo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Machozi yalimlengalenga, nikadhani ni vumbi la mazulia, nikamfungulia dirisha. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi amefaulu.

*

Usiku wa uzinduzi ukumbi wa taifa ulifurika. Wahindi walipewa safu tatu za mbele, kusudi waonekane wakiwa wanaonekana. Inaya alikaa kati yangu na babu yake, kavaa gauni la njano. Alikuwa amemwalika Mwalimu Tumsifu, kwa kumwambia tu kwamba kuna jina atalisoma.

Filamu ikaanza. Mzee alipotokea kwenye pazia, uso wake mkubwa kama nyumba, safu zile tatu zilivuta pumzi kwa pamoja. Yule bibi wa mkutanoni alipiga kigelegele kimoja kwa furaha kisha akajificha kwenye mtandio wake. Hata mzee mwenyewe, nilimchungulia, alikuwa anatabasamu, na nadhani alijichukia kwa tabasamu lile. Kisha uso ukafungua kinywa. "Mpira iko. Veve pesa iko?" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Watu walipigana vikumbo, walirudia, walishika mbavu. Msikose kuelewa, walimpenda. Safu tatu za mbele nazo zikacheka, wengine kwa kuchelewa kidogo, wakitazamana kwanza.

Baadaye ikaja penalti. Mpwa wa Mheshimiwa akaruka, uzi ukavutwa, mpira ukamfuata mwenyewe mpaka kifuani. Watu wakasimama wakaimba wimbo wa taifa.

Yakaja majina. Inaya akasogea ukingoni mwa kiti akaanza kuyasoma kwa sauti. Akamsoma mpwa wa Mheshimiwa. Akasoma wachezaji wote, wapishi, dereva wa lori, mtu wa uzi. Akanisoma mimi. Kisha ikaja sehemu ya duka. Wizara katika kuhariri ilikuwa imeona si haki kumtaja Mhindi mmoja wakati wote wamewakilishwa, kwa hiyo iliandikwa hivi, na mtoto akaisoma yote: "Mhindi wa Duka: Mhindi." Akangoja. Pazia likawa jeusi, taa zikawaka. Nyuma yetu Mwalimu Tumsifu alicheka puani. Mtoto akainamisha kichwa, akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la gauni lake.

Hapo mzee akasimama. Aligeukia ukumbi mzima, akasema kwa Kiswahili chake kile, taratibu, bila kupandisha sauti:

"Ndugu zangu, samahanini. Kipa wa siku ile nilikuwa mimi. Naitwa Badrudin Jiwa, mwana wa Jiwa Premji. Ile penalti niliidaka mimi, kwa mikono hii."

Watu walitazamana. Nani huyu? Mmoja akasema huyu si yule Mhindi, yule hasemi hivi. Mwingine akasema amepandikizwa na wapinzani. Walinzi wawili wakaanza kuteremka ngazi. Bwana Kassamali alikuwa anachunguza viatu vyake.

Lakini Mheshimiwa ana moyo. Aliwazuia walinzi kwa kidole, akachukua kipaza sauti, akasema tusimwonee mzee wa watu, huenda ana jambo, ila wananchi hawajamfahamu.

"Mzee," akasema, "sema kama ulivyosema kwenye filamu, tukuelewe."

Mzee alimtazama Mheshimiwa. Akamtazama Mwalimu Tumsifu. Akamtazama Inaya, ambaye alikuwa ameinua uso sasa, mdomo wazi, akingoja. Nilikuwa karibu na mzee kiasi cha kusikia pumzi zake. Nikamnong'oneza, kwa wema kabisa, kama mwalimu wake, "Iko, mzee. Kumbuka iko."

Akasema: "Mimi iko kipa. Mimi iko daka penalti."

Nimekaa kwenye burudani miaka mingi, sijasikia kicheko kama kile. Watu walianguka kwenye viti. Mheshimiwa alilia machozi, akavua skafu yake ya taifa akamvisha mzee palepale na kumtangaza Mchekeshaji Mkuu wa Jamhuri. Safu zile tatu zilipiga makofi wima. Yule bibi peke yake hakusimama, nasikia miguu ilikuwa inamsumbua.

*

Mambo yakaishia vizuri kwa kila mtu. Mama wa lulu aliletewa filamu akatuma salamu za pongezi. Mzee hawezi kupita sokoni asishikwe mkono, na watoto wanamfuata wakimwomba aseme. Mwalimu Tumsifu alimwita Inaya mbele ya darasa akamkumbatia, akasema kumbe ilikuwa mizaha ya babu, naye hakujua, amemsamehe. Jina la Muongo likafa siku hiyohiyo. Sasa kila Ijumaa mtoto husimama mbele ya wenzake akaigiza ile "Mimi iko kipa" ya babu yake, na anaigiza vizuri, naona ana kipaji.

Wiki iliyopita nilitumwa kumpelekea mzee cheti chake cha uchekeshaji. Nilimkuta uani, ameegemea cherehani alichokuwa anakitengeneza, Inaya kakaa miguuni pake. Siku hiyo hakukuwa na wageni wengine. Mtoto akamwambia amsimulie tena ile habari ya penalti. Mzee akaweka bisibisi chini. Akanyoosha mikono yake mbele, akaanza kumweleza, polepole, jinsi mpigaji alivyotazama kushoto, jinsi yeye alivyojua ataupeleka kulia, jinsi alivyoruka.

Mtoto alisikiliza kidogo, kisha akakunja uso.

"Siyo hivyo, Bapa," akasema. "Sema vizuri."